Kwa nini wahusika wa filamu na tamthilia za Kijapani hawasemi yaliyo moyoni?

Kaskazi aliuliza:

Wanajukwaa wenzangu, hamjambo.

Kwa muda wa miezi mitano hivi nimekuwa nikitazama tamthilia na filamu za Kijapani, aghalabu usiku baada ya nyumba kutulia, nikitegemea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini kwa sababu Kijapani chenyewe sikijui. Nilianza na Midnight Diner, tamthilia ya mgahawa mdogo wa Tokyo unaofunguliwa saa sita ya usiku na kufungwa saa moja ya asubuhi, ambao mwenyewe humpikia mteja chochote anachotamani maadamu vitu vyake vimo jikoni. Kutoka hapo nikaingia kwenye filamu: Tokyo Story ya Yasujiro Ozu ya mwaka 1953, kisha Drive My Car ya Ryusuke Hamaguchi ya mwaka 2021, ambayo ina dakika 179 na ambayo majina ya waigizaji hayajitokezi mpaka zipite dakika kama 40. (Yalipojitokeza nilidhani nimebonyeza mahali pasipo pake na filamu imeanza upya.)

Nimezipenda, na nisingekaa macho usiku kwa kitu nisichokipenda. Hata hivyo kuna jambo linanikera, nami nimechoka kulibeba peke yangu: watu hawa hawasemi. Katika Tokyo Story, mzee na mkewe wanafunga safari ya treni kutoka Onomichi, mji wa bandari ulio mbali magharibi, kwenda kuwaona watoto wao waliokwisha kuwa watu wa mjini. Mtoto wa kwanza ni daktari, binti ana saluni, wote wana shughuli, na wageni wanageuka mzigo hadi wanapelekwa Atami kwenye nyumba ya wageni yenye kelele ili wenyeji wapate kupumua. Mimi hapo nilikuwa nimekaa wima nikimsubiri mzee afoke. Kwetu mzazi aliyetendewa hivyo angeitisha kikao, wajomba wangefika, na maneno yangesemwa mpaka alfajiri. Wao wanakaa pamoja na kuafikiana kwamba, wakijilinganisha na wazazi wengine, wana bahati.

Katika Drive My Car mambo yamezidi. Mume anarudi nyumbani bila kutarajiwa kwa sababu ndege yake imeahirishwa, anamwona mkewe na mwanamume mwingine, anajiondokea taratibu bila kusikika, na neno halimtoki mpaka mke anafariki dunia.

Naomba mnisaidie. Je, huu ni ubaridi wa watu wenyewe, au ni mtindo wa waongozaji? Au pengine yapo yanayosemwa na mimi siyapati kwa kuwa nasoma Kiingereza cha chini ya skrini? Na baada ya hizi, nitazame nini?

Tarishi alijibu:

Ndugu Kaskazi, nilisoma Japani kwa miaka minne, na ninaweza kukuthibitishia kwamba dhana yako ya tatu ina ukweli mkubwa zaidi ya zile mbili. Wanasema, tena wanasema mengi, lakini sehemu kubwa ya wanachokisema imekaa mahali ambapo maandishi ya Kiingereza hayafiki.

Fikiria jinsi sisi wenyewe tunavyoitana. Mwanamke aliyekuwa akiitwa Mama Asha na jirani yake kwa miaka kumi, siku anapoitwa kwa jina lake tupu, yeye na jirani wote wanajua kwamba kuna kitu kimebadilika, na mtu wa tatu aliye karibu naye anajua pia. Tafsiri ya Kiingereza ingeandika jina tu, na msomaji asingeshtuka. Sasa katika Kijapani jambo hili halina mapumziko. Mtu huitwa kwa jina la ukoo pamoja na kiambishi cha kuitania mtu kama "san", au "kun", au "chan", au cheo chake kazini, na kila kimoja kina umbali wake. Katika tamthilia za mapenzi, kijana anaweza kumwita msichana kwa jina la ukoo kwa sehemu saba nzima, halafu katika sehemu ya nane akamwita kwa jina lake la kuzaliwa bila kiambishi chochote, na hapo mtazamaji wa Kijapani ameshapokea tamko zima la mapenzi wakati wewe unajiuliza kwa nini binti amesimama ameduwaa. Hata tamko lenyewe likija huwa ni "suki desu", maneno ambayo kwa uzito wa kamusi ni "nakupenda" lile la kupenda chai au paka. Neno zito zaidi lipo, lakini watu hulionea haya.

Kuhusu Tokyo Story kuna jambo jingine ambalo Kiingereza kimelifuta kabisa. Wazee wale wanazungumza lahaja ya kwao, laini na ya polepole, ilhali watoto wao wanazungumza Kijapani cha Tokyo. Wawazie wazee wa Pemba, wenye Kipemba chao kamili, waliofikia kwa mtoto aliyekwisha kugeuka Mdaresalaama na ambaye kila neno analowajibu halina tena harufu ya nyumbani. Umbali unaoulalamikia kwamba hakuna anayeutamka umo ndani ya kila sentensi tangu dakika ya kwanza.

Tena angalia ile kamera ya Ozu. Aliiweka chini, karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi kwenye mkeka, na karibu haisogei. Watu wengi huandika kuhusu jambo hili kana kwamba ni fumbo kubwa. Mimi niliyekulia kwenye nyumba ambayo wageni wa heshima hukaribishwa jamvini sikuliona fumbo lolote. Niliona tu kwamba kwa mara ya kwanza mtu amepiga picha chumba kutoka mahali ninapokaa.

Nakushauri urudie filamu hiyo, na safari hii umtazame zaidi Noriko, yule mkamwana, mjane wa mtoto aliyepotea vitani. Anaishi katika chumba kimoja, ndiye aliyeomba ruhusa kazini ili awatembeze wazee mjini, na ndiye asiyekuwa na tone la damu yao. Baada ya mazishi, yule binti mwenye saluni anaanza kuulizia nguo za marehemu mama kabla hata mlo haujaisha. Sijui ni kikao gani cha wajomba kingeweza kusema zaidi ya hapo.

Mvumo alijibu:

Nimesoma majibu kwa makini na ninamheshimu Tarishi, ila naona nyote wawili mmeingia mtego mmoja. Mmechukua filamu zinazopendwa kwenye matamasha ya Ulaya mkazifanya kuwa ndizo Japani. Ni sawa na mgeni aliyesikiliza taarab asilia peke yake akatangaza kwamba Waswahili hawajui kucheza.

Kinachotazamwa na Wajapani wenyewe mara nyingi kina kelele tele. Mwaka 2013 kituo cha TBS kilionyesha Hanzawa Naoki, tamthilia ya sehemu kumi kuhusu ofisa wa benki anayebambikiwa lawama ya mkopo mbaya, na ambaye kaulimbiu yake ni kwamba atakayemkosea atalipwa mara mbili. Sehemu ya mwisho ilipata asilimia 42.2 ya watazamaji katika eneo la Tokyo. Humo watu wanafoka hadi mishipa ya shingo inasimama, nyuso zinatoka jasho, na kilele chake ni bosi mkubwa kupiga magoti na kugusisha paji la uso chini mbele ya mtu aliyemdhulumu, huku akitetemeka kama anayeng'olewa jino bila ganzi. Mwigizaji Teruyuki Kagawa aliichukua nafasi ile na kuichezea kwa ukubwa ambao mtu wa Drive My Car angeuonea aibu. Nami nilifurahi kama mtoto, nakiri.

Mwulizeni pia Mjapani yeyote wa makamo kuhusu Oshin. Hii ilikuwa tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, iliyoandikwa na Sugako Hashida, ya dakika 15 kila siku, kuanzia Aprili 1983 hadi Machi 1984, jumla ya sehemu 297. Wastani wa watazamaji wake ulikuwa asilimia 52.6, na kuna siku ilifika asilimia 62.9. Inaanza na mtoto wa kike wa miaka saba katika umaskini wa Yamagata, anayetolewa kwenda kufanya kazi kwa watu kwa malipo ya gunia moja la mchele, akishushwa na mto kwenye theluji huku mama yake akilia ukingoni. Hapo hakuna cha ukimya wala cha kuficha. Machozi yanamwagika kama katika tamthilia yoyote ya Kituruki au ya Kifilipino inayotazamwa Dar es Salaam na Nairobi jioni.

Na kabla hatujaanza kusema kwamba ukimya umo katika damu yao, tukumbuke kwamba sinema ya Japani ilianza na mtu asiyenyamaza. Zama za filamu bubu, kila jumba lilikuwa na benshi, msimuliaji aliyesimama kando ya skrini akieleza kisa, akiigiza sauti za wahusika wote, na akiongeza chumvi zake. Wengine walikuwa na jina kubwa kuliko waigizaji. Kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Filamu zenye sauti zilipoingia kazi hiyo ikafa, naye akajitoa uhai mwaka 1933. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tukimsikiliza Lufufu au DJ Afro akitufasiria filamu za Kihindi na Kichina hatuhitaji kuelezwa benshi ni nani. Tungemtambua tangu neno la kwanza.

Hiyo haimaanishi kwamba Ozu si mkubwa. Ninachosema ni kwamba alichagua. Ukitaka kuona upande wa pili wa watu wa zama zilezile au karibu nazo, tafuta filamu za Tora-san, mchuuzi wa barabarani anayerudi kwao Shibamata, anagombana na familia nzima kabla chai haijapoa, anapenda mwanamke asiyempata, kisha anaondoka tena. Zilitengenezwa 48 kati ya 1969 na 1995, mwigizaji mkuu akiwa Kiyoshi Atsumi katika zote. Mdomo wa Tora haufungi.

Nikirudi kwenye swali la Kaskazi la kutazama nini: kwa kuwa unataka sana mtu aseme yaliyo moyoni, tazama Still Walking ya Hirokazu Kore-eda ya mwaka 2008. Yumo mama mmoja atakayesema. Sitakueleza zaidi.

Ukindu alijibu:

Naomba nami nichangie, ingawa mimi si mtazamaji mkubwa kama nyinyi. Filamu ya Kijapani niliyoitazama mara tatu ni moja tu, Departures ya Yojiro Takita, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya kigeni mwaka 2009. Niliitazama kwa sababu mwanangu aliniambia, "Mama, hii inahusu kazi yako." Mimi ni mmoja wa wanawake wanaoitwa mtaani kwetu kuosha maiti wa kike.

Kisa ni cha kijana mpiga selo ambaye okestra yake Tokyo inavunjwa, anarudi kwao Yamagata pamoja na mkewe, anaona tangazo la kazi linalozungumzia safari, na akidhani ni wakala wa usafiri anajikuta ameajiriwa kuwaandaa marehemu kabla ya kuwekwa kwenye jeneza. Anamficha mkewe. Mke anapojua anamwita mchafu na kumkataza asimguse. Hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunywa maji. Watu wanakufuata saa nane ya usiku wakikushika mikono wakilia, na wiki ijayo wapo wanaosita kupokea sahani kutoka kwako kwenye shughuli. Sikuwahi kusikia mtu akilisema hilo kwa sauti, na sikutarajia kulikuta Japani.

Nilichokitazama kwa jicho la kazi ni mikono. Kwetu tunaosha faraghani, watu wachache, maji yenye majani ya mkunazi na ya mwisho yenye karafuu maiti, tukianza na upande wa kulia, na nguo haiondoki sehemu za siri. Kwao jamaa wote wamepiga magoti wakitazama, jambo ambalo mwanzoni lilinishtua. Lakini yule kijana anafuta mwili na kumvua na kumvisha marehemu chini ya nguo kwa ustadi hata ngozi haionekani kwa yeyote. Sitara ileile, njia nyingine. Mtu asiyewahi kuifanya kazi hii angedhani ni madaha ya sinema. Si madaha, mkono unaojua hausiti, na mkono ukisita wafiwa wanaona.

Kuhusu swali la kusema na kutosema: wanafika nyumba moja wamechelewa dakika tano, na mume wa marehemu anawakaripia kwa hasira. Kazi inafanyika kimya mbele yake, uso wa mkewe unapakwa rangi ile aliyokuwa akiipenda, na wakiwa wanaondoka mume anawafuata nje na kuwaambia kwamba hajawahi kumwona mkewe akiwa mzuri kama leo. Nimewasikia waume wa kwetu wakisema maneno ya aina hiyo mlangoni, nao ni Waswahili, na wengi hawakuwahi kumwambia mwenyewe. Kwa hiyo ndugu Kaskazi, mimi ule ubaridi unaoutaja sikuuona kuwa wa Wajapani peke yao.

Kuna nyumba nyingine ambayo bibi kizee anavishwa soksi ndefu za shule kama za wajukuu zake kwa sababu alizitamani, na chumba kizima kinacheka huku kinalia. Hilo nalo nimeliona, ingawa kwetu haikuwa soksi.

Kaskazi alirudi:

Nawashukuru wote, na wewe Bi Ukindu hasa, shikamoo. Nimeitafuta Departures na nimeiweka kwa ajili ya siku ambayo nitakuwa na ujasiri.

Tarishi, nimeirudia Tokyo Story. Sikuielewa lahaja, lakini nilifumba macho kwa dakika kadhaa na kusikiliza tu, na ni kweli kwamba wazee na watoto hawatoi muziki mmoja. Mvumo, nimekubali kwamba nilihukumu soko zima kwa duka moja, na sehemu mbili za kwanza za Hanzawa Naoki zimeniamsha watoto kwa makelele.

Lakini niliyotaka kuwaeleza ni Still Walking, ambayo niliimaliza juzi. Familia inakusanyika nyumbani kwa wazazi siku ya kumbukumbu ya kifo cha mtoto wa kwanza, aliyezama miaka mingi iliyopita akimwokoa mtoto wa watu. Kwa zaidi ya nusu ya filamu nilikuwa nyumbani kabisa. Mama anapika bila kukoma, mahindi yanapukuchuliwa, yanachanganywa na unga na kukaangwa yakirukaruka kwenye mafuta, wajukuu wanakimbia huku na huko, baba aliyekuwa daktari amenuna chumbani kwake, na kila mtu anamzunguka mwenzake kwa maneno ya juujuu. Yule aliyeokolewa naye anakuja, kwa kuwa hualikwa kila mwaka. Sasa ni kijana mnene mwenye jasho na kazi isiyoeleweka, anaomba radhi kwa kuwepo kwake, anakula, anaondoka, na wenyeji wanamcheka pembeni.

Usiku mtoto wa pili anamwomba mama yake wamwache yule kijana sasa, wasimwalike tena, kwa maana anateseka. Mama anasuka uzi kwa kulabu. Bila kuinua sauti, na bila mkono kusimama, anamjibu kwamba ndiyo sababu anamwalika. Kwa kuwa hana mtu wa kumchukia, na mzigo huo ni mzito kwake, basi kijana naye apate siku moja ya kuumia kila mwaka. Na mwaka ujao atamwita, na mwaka unaofuata pia.

Mvumo ulisema yumo mama atakayesema yaliyo moyoni. Amesema. Nilirudisha nyuma nikamsikiliza mara ya pili, kisha nikazima simu, nikakaa gizani nikitamani angenyamaza.